Vidonge Chini ya Mto

Mambrui, 9 Juni 1987

Kaka yangu Abdulghani,

Shikamoo. Salamu zako kutoka Mariakani zimetufikia, pamoja na leso ya Mama. Mwanangu Tumu ameota meno mawili, na sasa anamng'ata kila anayembeba.

Mguu wa Mama haujapoa. Daktari alisema ni uvimbe wa mfupa, akampa vidonge vikali vya maumivu. Kila Nesi Nduku akija kumuuliza, Mama hujibu, "Alhamdulillahi, maumivu ni kidogo tu." Nesi humwamini, maana Mama huyasema hayo akitabasamu. Mimi ndiye nimwonaye akisali kwa kuketi, ameuma meno.

Juzi nilivikuta vidonge vyote chini ya mto wake. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Dawa hizi na ule unga uliomchukua mwanangu ni kitu kimoja. Mwanzo wake niliuona."

Unisamehe kukuandikia haya, kaka. Najua huu ni mwaka wa pili tangu uache unga, na Mama anajua. Nesi alimweleza kwamba mgonjwa kama yeye akimeza kwa kipimo cha daktari hatadhurika, lakini hakusadiki. Jana ndipo alipokubali, kwa sharti moja. "Nitameza Abdulghani akiwa ameketi hapa. Yeye atajua kama usingizi wangu ni wa salama."

Basi omba ruhusa kazini uje. Nimekutandikia mkeka kando ya kitanda chake.

Dada yako akupendaye,
Shekha