Bondia Aitwaye Labeka

Changamwe,
14 Aprili 1961

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanasaumu,

Shikamoo mama. Natumai barua hii itakukuta huko Tanga u mzima, goti limepoa, na mama mdogo unayemuuguza anapata nafuu. Mimi sijambo. Kazi ya reli inaendelea, na wali napika mwenyewe, ijapokuwa majirani wanauita uji. Mwanatatu, unayemsomea mama, soma polepole, usiruke neno.

Habari kubwa ya hapa ni ndondi. Baharia mmoja ametuletea gazeti la Uingereza lenye orodha ya mabondia wa ridhaa, yaani wasiolipwa, wa dunia nzima. Musyoka, fundi wa reli anayetufunza ngumi, alilisoma mbele ya watu. Katika uzani mwepesi kabisa wa kwanza ni Mrusi, wa pili Mtaliani, na kuna Mkorea wa miaka kumi na minane ambaye wanasema atawatoa wote jasho. Wa nane ni Labeka, wa Mombasa, aliyepigana mara tisa asishindwe hata mara moja. Mama, zilipigwa kelele! Wakamba wakasema ni wao, Wagiriama wakaapa ni wa Kaloleni. Kadzo muuza mahamri akasema bondia huyo akijitokeza, kwake atakula bure mpaka Uhuru.

Mama, Labeka ni mimi.

Siku ya kuandikishwa ndondi, karani mmoja wa kutoka bara aliniita, "We mwembamba!" nami nikaitika labeka, kama ulivyonifunza kumwitika mkubwa. Akadhani nimetaja jina, akaandika. Kosa nililiona, nikanyamaza. Nilikuwa nimekuapia, siku ile nilipomvunja jirani yetu Mwidani jino, kwamba sitamwinulia mtu ngumi tena. Basi nikaona heri Labeka apigane, mwanao asijulikane; Musyoka peke yake ndiye ajuaye, kwani nimepigana mbali na Changamwe. Ni uwongo, mama, na naona haya. Kwa yamini niliyoivunja nimefunga siku tatu, Musyoka akinung'unika ni bondia gani huyu asiyekula. Kwa Mungu nimetubu, bado kwako. Ngumi hizi huitwa za ridhaa, na mimi nimezipiga bila ridhaa yako.

Mwezi ujao kuna mashindano Nairobi, na atakayeshinda atapelekwa Ulaya. Fomu nimeitia humu, pa jina nimepaacha wazi. Ukiniridhia, Mwanatatu aandike jina ulilonipa, airudishe. Usiporidhia, ichane. Nautaka ushindi huo sana, sikufichi, lakini bila radhi yako wallahi sipandi gari.

Ila ujue, mama, hata ukiichana, Mrusi na Mtaliani wameshasoma namna ulivyomlea mwanao.

Mpe mama mdogo mkono wangu, na wote waniulizao waambie nipo. Nangoja jibu lako.

Mwanao akupendaye,
Ishaka bin Mbwana