Modi Mia Moja na Arobaini

Kidia, Old Moshi
8 Septemba

Kaka yangu mpendwa Eliufoo,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wale wazee wa huko kazini kwako umepoa. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mama anaendelea na vidonge vyake vya presha, anavimeza huku ananung'unika, na bado hataki kusikia habari ya kuacha kukata majani ya ng'ombe mwenyewe. Mke wangu Priska anakusalimu sana, anakukumbusha zile soksi za watoto. Kahawa inaiva kidogo kidogo, na asubuhi ukungu unatubana jikoni mpaka saa tatu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu zipo na tunaongea kila Jumapili. Kwa simu nimejaribu mara nne, Kaka. Kila nikifika penyewe najikuta nakuuliza hali ya hewa ya Ujerumani. Basi nimeandika, na Dominika wa kwaya, anayekuja huko na wageni wa dayosisi, amekubali kuibeba. Nakuomba uisome yote kabla hujashika simu.

Nianze na gemu, maana ndiyo iliyotuchosha sote wawili.

Unakumbuka ilivyoanza. Davis, mwenzangu wa kutengeneza kompyuta pale Rau, alitupa ile gemu ya ukulima miaka mitatu iliyopita, na wewe ulipoifungua tu ukasema hilo si shamba, ni uwanja wa ndege. Ukaanza kuiongezea modi, zile nyongeza ambazo watu hutengeneza na kuzipachika ndani. Ukatafuta ya migomba, ukatafuta ya kahawa, ukatengeneza mwenyewe ya mfongo wetu wa kumwagilia na maji yake yanayopita nyuma ya zizi. Ukanituma nirekodi kengele ya kanisa kwa simu. Ukanituma nipime kihamba chetu chote cha migomba na kahawa kwa hatua, nikahesabu migomba mia tatu na kumi na miwili, nikatumbukia mfongoni, na wewe ukacheka mpaka mtandao ukakatika. Ukatumia baridi nzima kuunda ile pikapu ya bluu ya Baba pamoja na taa yake moja iliyokufa. Mwisho zilifika modi mia moja na arobaini, na mtu akisimama juu ya ghala aliweza kuona mpaka majaruba ya mpunga ya Mabogini kule chini. Kila Jumapili tukitoka kanisani, saa tisa kwangu na saa nane kwako, tuliingia pamoja, kila mtu na mashine yake, tukalima kwetu. Uliniambia siku moja kwamba baada ya wiki nzima ya kuogesha watu wasiolijua jina lako, pale ndipo unapopumzika. Sijalisahau neno hilo.

Na nyumba yako. Uliiweka upande wa juu, kwenye ile mistari minne ya kahawa inayopakana na Baba Mdogo Ebenezeri, kibaraza kikitazama mlima. Ukasema Desemba hii unakuja na likizo ya wiki sita kuchimba msingi wa kweli mahali hapohapo, na Baba Mdogo aendelee kudai kwamba mistari ile ni yake mpaka achoke. Krismasi iliyopita ulimwita mwizi mbele ya watu uani kwetu. Mzee yule alikunja kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo kanisani akawa anakaa benchi la nyuma.

Mwezi wa sita ndipo gemu ilipoanza kujifunga yenyewe. Tunafanya kazi vizuri, nusu saa, wakati mwingine saa nzima, mara kioo kinaganda na wote wawili tunatupwa nje. Hakukuwa na mpangilio wowote. Ulisema ni umeme wa kwetu, nikaazima betri ya Davis, ikazima vilevile. Ulisema ni memori, nikaongeza. Ukaniamuru niifute gemu nzima, nibakize modi na ramani tu, na kuipakia upya kwa mtandao huu wa kwetu wa kusuasua, siku tatu, Kaka, na wewe unanipigia kuuliza imefika asilimia ngapi. Ilipokwisha tukaingia, na baada ya dakika ishirini ikazima.

Ndipo ukaja na ile hesabu ya nusu kwa nusu, yaani kutoa modi sabini na kubaki na sabini, kisha kuangalia mbovu iko upande gani. Jumapili ile haikuzima, tukashangilia. Jumapili iliyofuata ikazima mara mbili. Tukagawa tena na tena. Ukaanza kufuta kwa hasira. Ilitoka Mabogini, yakatoka mawingu yanayofunika mlima mchana, ikatoka kengele. Ukamshuku ng'ombe kwa sababu mara nyingi ilizima akiwa anatembea, ukamwondoa, na kweli tukapata Jumapili mbili za amani. Ya tatu ukapeleka greda ulainishe njia ya kwenda kwenye nyumba yako, ikazima. Siku hiyo uliifuta pikapu ya Baba. Nilikusikia ukivuta pumzi, halafu ukaniuliza taratibu kama bado kuna kitu hatujajaribu. Nikakujibu kwamba sijui.

Nilikuwa najua.

Sasa nirudi nyuma kidogo, hadi Aprili. Mvua ilitufungia jikoni mimi na Mama, tunamenya ndizi za mtori, na mimi nikawa namsimulia ulivyopanga msingi wako. Mama akaweka kisu chini. Akasema mistari ile minne si yetu. Akasema mwaka Baba Mdogo alipokwenda Holili, kule mpakani mwa Kenya, kupakia malori, wewe una miaka sita na mimi niko mgongoni, Baba aliamka asubuhi moja akang'oa masale, mimea iliyokuwa alama ya mpaka, kwa mikono yake na kuyapanda upya upande wa pili wa mistari ile. Ndugu yake aliporudi na kuuliza, Baba alimwambia amesahau mpaka wake kwa kukaa sana na Wakenya. Mama aliona kila kitu. Alikuwa bado mke kijana, akanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea. Akaniambia hataki kuzikwa karibu na mpaka wa uongo, na kwamba nirekebishe mimi, kwa sababu wewe ungebisha mpaka yeye afe.

Nilikaa na neno hilo wiki tatu. Naomba uniamini, sikulipokea kirahisi. Baba ninayemkumbuka mimi ni yule aliyetubeba kwenye pikapu, na sasa kila nikipita pale namwona ameinama anang'oa.

Mwezi wa tano niliamua. Vipimo vyote vya kihamba viko kwenye ramani yako tu, kwa hiyo niliifungua gemu nikiwa peke yangu, nikausogeza mpaka humo kwanza, nione migomba mingapi itaangukia upande gani. Nikahifadhi. Kisha nikachukua jembe nikaenda kufanya hivyohivyo kwenye udongo, siku mbili, mikono ikachubuka, na kwa uchovu sikuikumbuka tena ile ramani. Ugonjwa wetu ulianzia hapo. Kwenye mashine yako mistari ile minne ipo ndani ya shamba, kwenye yangu haipo. Ng'ombe akivuka pale, yako inasema yuko nyumbani, yangu inasema ametoka duniani, na gemu inakufa. Niligundua Jumanne moja pale Rau, nikisoma lile faili ambamo gemu huandika ilichokuwa ikifanya mara ya mwisho. Mahali palikuwa palepale kila mara. Ilikuwa bado mwezi wa sita. Ulipofuta kengele nilikuwa najua, na ulipofuta pikapu nilikuwa najua. Naona aibu kuliandika, lakini kila modi uliyotoa ilininunulia Jumapili moja zaidi ya kutokukwambia.

Ningeweza kurudisha mpaka wa zamani kwenye mashine yangu. Ni kazi ya dakika mbili. Jumamosi moja nilifungua nikaweka kidole, nikaona mikono yangu bado ina sugu za masale, nikafunga.

Hata hilo silo zito kuliko yote, Kaka. Zito ni hili.

Baada ya kupanda upya nilikata isale moja, nikalifunga fundo, nikaenda kwa Baba Mdogo asubuhi. Nilimkuta kizingitini anapukuchua mahindi. Alilitazama lile jani, akaweka mahindi chini. Unajua kuliko mimi kwamba anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Lakini unajua pia kwamba haliletwi na yeyote tu. Baba hayupo, na mahali pake umesimama wewe, na aliyemwita mwizi ni wewe. Mimi ni kitinda mimba, sina kauli juu ya kosa la Baba wala la kwako. Baba Mdogo aliniuliza jambo moja tu, kama nimetumwa na Eliufoo. Nikasema ndiyo. Nikasema umelia kwenye simu, umeniagiza nikate isale kwa niaba yako mpaka utakapokuja mwenyewe. Mzee akalipokea kwa mikono miwili. Akasema amesubiri miaka thelathini mtu wa nyumba ile aje, na kwamba hana neno tena na marehemu wala na wewe. Jumapili iliyofuata alihama benchi la nyuma. Siku hizi ananiuliza kila wiki utafika tarehe ngapi, ameshaweka mbuzi.

Nimekusemea uongo katika kitu ambacho hakisemewi uongo. Nimechoka kuubeba.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi. Modi zako zote mia moja na arobaini zimo, pikapu ya Baba na kengele pia, kwa maana ulizokuwa ukifuta wewe mimi nilizihamishia folda nyingine. Imo na ramani yangu, yenye mpaka wa kweli. Nyumba yako nimeiweka chini ya zizi, karibu na Mama. Haioni mlima vizuri, nakiri.

Jumapili ya kwanza baada ya kuipata barua hii, na Dominika atanijulisha akishaikabidhi, saa tisa kwangu nitakuwa nimekaa. Usinipigie. Ingia tu, umtembeze ng'ombe mpaka juu kwenye masale. Gemu ikiendelea, nitajua umeiweka ramani, na isale lile litakuwa limetoka kwako kweli. Ikizima, nitafunika mashine, nitavaa viatu, nitakwenda kwa Baba Mdogo kumwambia kwamba hukunituma, na lile jani alirudishe. Sitakulaumu.

Mama anakusalimu, anasema uvae vitu vizito na ule. Watoto wanakusalimu. Mungu akulinde kazini, na azidi kuutengeneza mgongo wako.

Ni mimi mdogo wako, niliyekusemea bila kutumwa,

Godbless