Aliyeruka Kaunta

Shoga, upo? Nimejifungia chooni hapa kwenye uzinduzi wa filamu yetu.

Si unakumbuka siku tunapiga picha ule uvamizi wa benki, nyota wetu akagoma kuruka kaunta eti mgongo unamuuma? Nikavaa kinyago chake cha jambazi, nikaruka mimi, na kupayuka nikapayuka mimi.

Leo kapanda jukwaani, anasifiwa kwa kipande kilekile. Anachekelea! Halafu ananinyooshea kidole mbele za watu: "Huyu dada nimembeba mgongoni filamu nzima."

Mgongoni! Mgongo uleule!

Nikasema moyoni, leo utanitambua.

Mshereheshaji naye, hana hili wala lile, akamwomba aruke meza ya wageni watu waone. Jamaa akaanza kujikuna shingo. "Suti imenibana," anasema. Suti!

Nikavua viatu, nikakunja gauni, nikairuka ile meza bila kugusa hata glasi. Nikatua mbele ya pua yake, nikatoa sauti ileile ya jambazi iliyo kwenye filamu: "Mikono juu!"

Watu wameijua sauti. Mwongozaji kajifunika uso.

Na yeye, shoga yangu, akainua. Yote miwili.