Barua Niliyoikuta Mfukoni mwa Koti

Mdogo wangu mpendwa,

Tulifika salama, ila kabati la vyombo lilivunjika mguu njiani. Nyumba aliyopewa shemeji yako kazini ina vyumba vitatu, na maji hayakatiki. Kazi mpya imemkubali. Asubuhi hunyoa ndevu akipiga mluzi.

Mimi, kama ujuavyo, nilimwomba matroni likizo ya siku thelathini tu, nipaone huku kabla sijaamua lolote kuhusu ukunga wangu. Jana, nikipiga pasi koti la shemeji yako, nilikuta mfukoni nakala ya barua ya kuacha kazi. Jina ni langu. Sahihi ni ya kuigiza.

Nilimwuliza.

“Nimekupunguzia mzigo, mama watoto,” alisema, akikoroga chai. “Ningekungoja wewe, tungezeeka kila mtu kwake.”

“Umeipeleka?”

“Niliiposti juzi.”

Sikupandisha sauti. Nilimalizia mkono wa pili wa koti, nikalitundika.

Barua hii nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, ili iitangulie ile ya posta. Ndani yake mna nyingine, ya matroni, yenye sahihi yangu halisi. Unamjua, neno la simu halipokei. Mpelekee leo hii, kabla hujala wala hujapumzika.

Nimebakiwa na siku ishirini na moja za likizo. Maboksi yangu sijayafungua. Shemeji yako anadhani nimechoka na safari.

Ni mimi dada yako,
mkunga hadi sasa.