Siku Niliyomtangulia Faida

Papa,

Tangu ufe, hakuna mwanaume Buffalo nzima anayenifikia. Si kwa sura, si kwa mwendo, si kwa Kifaransa. Hata Karibiani wananijua sasa. Ndiyo, Karibiani! Mwanao aliyeishia darasa la sita, yule uliyesema hawezi kuvuka barabara bila kuuliza, amepanda meli yenye ghorofa nyingi kuliko hoteli na kushuka kisiwani Martinique na miwani myeusi machoni. Kama huko uliko kuna mzee anajisifia mtoto wake, mwambie anyamaze kwanza.

Bon. Nakuandikia kantini, saa ya mapumziko, hapa kiwandani tunakotengeneza madirisha. Ningekuja Louisville nikusemeshe kaburini, lakini kesho nina safari nyingine. Naenda Gahanna, kule Columbus, kwa dada yake Faida. Mke wangu huyo yuko huko wiki ya tatu sasa. Wajomba zake wameniita nikae mbele yao nijieleze, kisha wao na yeye waamue kama atarudi. Wewe ndiwe ungezungumza, Papa, mimi ningeinamisha kichwa tu kama mtoto mwenye adabu. Sasa sina wa kunisemea. Mama kaniambia, "Nenda na mdomo wako uleule uliokufikisha hapo."

Donc, sikiliza ilivyokuwa.

Meli ilifika Fort-de-France asubuhi, wakatuambia turudi kabla ya saa kumi na moja. Wengine walipanda mabasi ya kutembezwa. Mimi nikakataa. Nikamwambia Faida, "Mume wako anajua Kifaransa, ya nini kulipa mtu atuonyeshe mji?" Akacheka. "Kifaransa chako cha kuomba chumvi?" Lakini alifurahi. Alivaa kile kitenge cha harusi yetu, na viatu vipya ambavyo hakuwa amevizoea.

Papa, mji ule ungeupenda. Kuna kanisa kubwa la chuma, chuma kabisa, kama daraja lililosimamishwa wima. Sokoni tulikuta mihogo, magimbi, ndizi za kupika, pilipili kali kama za kwetu, na akina mama wanaokuita mpenzi kabla hawajakujua. Muuza pilipili mmoja aliuliza tumetoka wapi. Nikasema Kongo. Akamshika Faida mashavu, akamwita mwanangu, akampa maandazi madogo ya samaki bure. Mimi hakunipa hata moja. Faida akanisogelea, "Vipi, Kifaransa kimekwama?" Nilicheka mpaka machozi; tangu tukuzike sikuwa nimecheka hivyo.

Basi kuanzia hapo nikatembea kama wewe. Mbele. Mikono nyuma, kifua nje, mke anafuata. Uliniambia tangu kambini, tulipokuwa wakimbizi, "Mwanaume anatangulia, anaangalia barabara." Mimi niliiangalia vizuri sana! Nilikuwa naeleza kila kitu bila kugeuka: hii nyumba ya gavana, hii benki ya zamani. Nilikuwa natunga, Papa, sikujua hata moja. Nilimaliza barabara nne nikieleza. Nilipogeuka nimwambie anipige picha, nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja na mbwa wake.

Nilimkuta karibu saa nzima baadaye, amekaa kwenye ngazi za soko, mguu umevimba. Alikuwa amekanyaga ukingo wa mfereji, kifundo kikateguka. Yule mama wa pilipili alikuwa amemfunga kitambaa, anamkanda na barafu ya kuwekea samaki. Na mimi, badala ya kusema pole, nikafoka mbele ya soko zima: "Unapotea wapi? Unataka meli ituache?" Tulirudi bandarini polepole, yeye ameshika bega la yule mama. Langu hakulitaka.

Hata hapo bado ningeweza kupona. Lakini Jumapili, tumesharudi Buffalo, kanisani kwetu Black Rock, nikasimama kutoa ushuhuda. Unanijua nikipewa maikrofoni. Nikasema mke wangu alipotea ugenini kama mtoto, nami nikamtafuta kila kona kama mchungaji anayemtafuta kondoo wake. Watu wakacheka, wakapiga makofi, haleluya. Faida alikuwa safu ya pili, mguu bado una bandeji. Jumanne dada yake akaja kumchukua.

Nilikwenda kwa Mama kulalamika. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Unakumbuka Papa yako alivyokuwa anainama kufunga viatu?" Nikakumbuka, nikacheka. Kule Louisville, kutoka kituo cha basi mpaka kanisani, kila baada ya nyumba mbili tatu ulikuwa unainama, nami nakutania, "Papa, nunua kamba mpya!" Mama akasema, "Viatu vile havikuwa na kamba. Alikuwa ananingoja mimi." Kumbe magoti ya Mama yaliharibika tangu ile safari ya kukimbia kutoka Uvira, na hakutaka watu wajue. Papa, mbona hukuniambia? Au uliona nina macho? Miaka yote ile nilikuwa nafuata nyuma yako, nakariri mabega.

Kengele imelia, mashine inaningoja. Pumzika, Papa. Mama nitamtunza, usihangaike naye, na jiwe lako nitakuja kulisafisha mimi mwenyewe, pamoja na Faida akikubali, peke yangu akikataa. Na nakuahidi hili: kesho sitawaambia wajomba zake kwamba alipotea. Nitasema ambalo sijamwambia Mama wala mchungaji.

Faida alipoanguka aliniita. Aliita jina langu mara mbili, kwa nguvu. Nilimsikia. Kulikuwa na vijana wamekaa nje kwa kinyozi, wanatazama ninavyotembea, na mimi nikaendelea.

Mwanao,
Byamungu