Maji ya Väsby

Jumapili, 3 Aprili 2011

Nimempigia Mama leo baada ya kanisa. Kule kwetu Mutomo bado hakuna mvua. Mawingu huja mchana, anasema, yanasimama juu ya boma kama wageni, kisha yanaenda zao. Kila asubuhi anateremka mtoni na punda, anachimba mchanga, anakaa kungoja maji yajikusanye. Umri ule! Mdogo wangu Owen anataka kumhamishia kwake Machakos. Mama hataki. "Nikiondoka, mvua ikija itamkuta nani?" Nikamwambia binti yangu amsalimie bibi yake, susu wake kama tunavyosema sisi Wakamba. Rita akatikisa kichwa. Anakionea haya Kiswahili chake.

Jumatano, 6 Aprili

Kazini. Pale nyumba ya wazee kuna bibi wa Kiswidi anayependa kuoga muda mrefu, maji ya moto mgongoni, macho kafumba. Simharakishi. Mgongo wa Mama sijaugusa tangu Rita akiwa wa kubebwa. Kwanza makaratasi ya kuishi hapa Sweden, kisha talaka, kisha kazi.

Wakati wa kahawa Wanpen, mwenzangu wa zamu kutoka Thailand, kanialika kwenye mwaka mpya wao, Songkran. Watu humwagiana maji barabarani kutwa nzima. Nikamwambia mwaka huu siwezi kwenda kutazama maji yakimwagwa. Hakuudhika. Akasema mwaka jana kijijini kwao nako kulikauka, mashamba ya mpunga yakapasuka, na Songkran wakaifanya vilevile. Kwa bakuli. Maji kidogo yenye maua, juu ya mikono ya wazee, basi.

"Hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Mengine ni ya vijana."

Nimekubali kwenda.

Jumamosi, 16 Aprili

Tumerudi kutoka Upplands Väsby. Treni ya kwenda, kutoka Tumba tunakoishi, ilikwenda weee, Rita akalala. Ukumbi wa kukodi, harufu ya mchaichai na samaki. Nje baridi, na bado watoto wanakimbizana na bastola za maji, makoti mwilini. Rita akajiunga nao. Nilipomwona amelowa chapachapa, anacheka, hasira zikanipanda. Nikamkemea mbele ya watu — susu wako anachimba mchanga, wewe unachezea maji? Akanijibu kwa Kiswidi, taratibu, kwamba si yeye aliyezuia mvua.

Kweli. Si yeye.

Ndani wazee wamekaa kwenye viti, viganja mbele, beseni chini ya mikono. Wanpen alipiga magoti, akamwagia wa kwanza, akalia. Mama yake yuko kwao. Kisha akanipa bakuli. Nikamwagia bibi mmoja mwembamba, mikono imekunjamana. Akanishika kwa mikono ile ile iliyolowa, akasema kitu. Wanpen akatafsiri: anauliza mama yako yuko wapi. Nikasema Kenya. Anauliza mtaonana lini.

Bibi hakuniachia upesi.

Jumapili, 17 Aprili

Nimemsimulia Mama yote. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na yale maji yanayodondoka, wanayakinga?" Nikasema ndiyo, kwa beseni. "Basi hao ni watu wenye akili." Tukacheka. Sijui lini tulicheka hivyo mara ya mwisho.

Halafu akanipa habari za kwao. Ng'ombe aliyebaki alianguka juzi, hakuinuka tena. Akasema amekubali kwenda kwa Owen. Lakini nyumba hataifunga peke yake. "Uje tuifunge pamoja."

Mama hajawahi kuniambia uje. Miaka yote ni fanya kazi mwanangu, sisi tuko salama.

Alhamisi, 21 Aprili

Mkubwa wetu wa kazi amesema likizo haiwezekani kabla ya kiangazi, watu hawatoshi. Labda atatazama tena baada ya Pasaka. Alisema kwa upole. Afadhali angefoka.

Ijumaa Kuu, 22 Aprili

Owen kapiga asubuhi hii. Yuko Mutomo na gari la kuazima. Mizigo iko mlangoni, Mama kaikalia, hapandi mpaka ajue nakuja au siji. Nikamwambia Owen mnipe siku chache. Akasema mwambie mwenyewe, akampa simu.

"Milcah," Mama akaita. Mara moja tu. Nilimsikia akihema. Ningesema nini?

Rita akatoka chumbani kwake, akanitazama, akaitwaa simu mkononi mwangu. Kiswahili chake kinachechemea, lakini kila neno nililisikia.

"Susu, ni mimi, Rita. Usifunge nyumba. Utungoje. Tunakuja."

Tunakuja! Na likizo sina. Nikanyoosha mkono anirudishie simu. Akanigeuzia mgongo, akaenda nayo dirishani. Mpaka naandika haya bado anaongea, anatafuta maneno, anacheka anapokosea —