Bukuru Wote kwa Mara Moja

Mama,

Kompyuta imejibu. Tulia nikueleze, maana hukuwa ukikubali habari isiyoanzia mwanzo.

Tangu tukuzike nimehama chumba kile cha Kasingirima. Sikuweza kulala karibu na ukuta uliokuwa ukiuegemea ukikohoa. Kazi ni ileile: ofisi ya wakimbizi, wanaotafuta ndugu zao wanakuja kwangu, naandika jina, mashine inatafuta. Ulikuwa ukinicheka: "Umesomea mashine miaka yote hiyo, pacha wako humwoni."

Nilikuwa namtafuta, Mama. Kila nilipoandika Bukuru, programu ilistaki. Kioo kinapauka, kishale hakisogei, hata kuifunga haikubali. Rajabu wa meza ya pili, mtoto wa Ujiji, anapaza sauti mbele ya watu: "Dada Butoyi, umeiua tena? Tuisomee hitima?" Foleni inacheka. Nazima, nawasha, wanaongoja wanaanza kungoja upya.

Kwanza nililaumu mtandao, nikabadilisha waya. Kisha nikalaumu kompyuta, nikahamia ya Rajabu, nayo ikaganda. Wiki iliyopita nikaiuliza seva yenyewe, ile mashine kuu inayotunza majina yote, swali lilelile, bila kupitia programu, bila picha. Ikajibu kabla sijaondoa kidole. Kumbe seva haikuwa na neno. Programu ndiyo iliyokuwa ikiagiza Bukuru wote kwa mara moja, kila mmoja na picha yake, na kukataa kufanya lolote mpaka wa mwisho afike. Aliyeitengeneza hakujua kwamba kwetu pacha anayetangulia ni Bukuru na anayefuata ni Butoyi, nyumba zote. Hakujua kwamba mtoto habebi jina la baba yake.

Wavuvi wa Bangwe walijua. Kila asubuhi ulipowauliza ufukweni kama Bukuru amevuka, walikujibu: "Bukuru yupi, mama? Ninaye mmoja nyumbani, mchukue, anakula sana." Ulicheka nao, na kesho yake ukarudi.

Nikairekebisha. Sasa inaleta majina machache machache, na picha haiji mpaka uiombe. Halafu nikaongeza njia ya kutafuta kwa jina la mama, nikaiwekea faharasa kama ya kitabu, ili seva isipekue watu wote mmoja mmoja. Katika jaribio la kwanza niliandika jina lako. Jina la mama: Ndereyimana. Jina la mtoto: Bukuru.

Alitokea mmoja.

Nikaomba picha. Ana paji lako la uso. Ana lile sikio lake lililokunjika.

Alifika, Mama. Mtumbwi ule wa kwanza tulipokimbia, ulimompakia yeye kwa sababu ilibaki nafasi moja, na hukusita hata kidogo, nilikuona, mtumbwi ule haukuzama. Ulifika ufukwe wa kusini, abiria wakachukuliwa kwa lori mwezi uleule tuliofika sisi. Barabara ya Kasulu, unapita Kidahwe, unaendelea. Alikuwa kambini miaka yote ile uliyokataa kwenda kambini, usije ukaondoka ufukweni naye akafika.

Alirudi Burundi kwa basi la wanaorejea, wewe ukiwa bado hai. Na alipoulizwa habari za familia, fomu yake inaonyesha, alisema: mama amefariki, ziwani. Pacha amefariki, ziwani.

Alikulilia, akaanua matanga. Nawe uko Bangwe unauliza wavuvi.

Siku ya mwisho uliniita kwa jina lake. "Bukuru, maji." Nikakupa. Ukanywa, ukaniangalia vile ambavyo hukuwahi kuniangalia. Sikukusahihisha. Nilitaka uendelee kuniangalia hivyo.

Nitavuka nimtafute; uliniagiza, na sasa najua pa kuanzia. Lakini sitamwambia kwamba ulikuwa hai. Nitamwambia ulizama kama alivyosema, mimi nikaokolewa na watu. Usinune. Yeye atalala. Na ile miaka yako ya ufukweni, uliyompa yeye yote, itabaki kwangu, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikikuletea chai pale.

Pumzika sasa, Mama. Hakuna wa kumngojea tena.

Butoyi,
uliyebaki naye.